Kampala, Mji wa Vilima

Mavivi ni mahali pa kiwanja cha ndege, katika njia itokayo Beni kwenda Oicha. Watoto wa huko wamezoea kuona ndege zikishuka na kupanda. Mtu aliye ndani ya ndege huona mji mzima kwa mara moja: mapaa ya nyumba, barabara, mito na miti. Lakini mtu atembeaye kwa miguu haoni hivyo. Yeye huona nyumba zilizo mbele yake tu, na njia panda, na watu wasiomjua. Kwa hiyo mgeni wa mji mkubwa ni lazima aujue mji kwa akili kabla ya kuujua kwa miguu.

Katika vakansi kubwa, mwezi wa saba na wa nane, watoto wengine wa Beni na Butembo huenda Kampala kutembelea jamaa zao. Kampala ndio mji mkuu wa Uganda. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2014, walionekana ndani yake watu zaidi ya milioni moja na nusu, na tangu hapo wameongezeka. Mchana idadi yao huzidi tena, maana watu wengi hulala nje ya mji na kuingia asubuhi kwa kazi na biashara.

1. Faida ya kujua mitaa

Fikirini watoto wawili. Wote wawili wamefika Kampala, kila mmoja pamoja na mjomba wake. Katika kiwanja cha magari watu ni wengi kama siafu. Kila mtoto aachana na mkono wa mjomba, na mara moja hamwoni tena.

Mtoto wa kwanza alia. Mama mmoja amwuliza: "Mwanangu, unakaa wapi?" Mtoto ajibu: "Ninakaa kwa mjomba." "Mjomba anakaa wapi?" "Anakaa Kampala." Mama yule ana huruma, lakini atafanya nini? Hapo waliposimama ni Kampala. Na huko mbali mpaka ziwani ni Kampala vilevile.

Mtoto wa pili naye ana hofu, lakini hakimbii huku na huku. Asimama palepale alipoachana na mjomba, maana amtafutaye hurudi kwanza mahali hapo. Kisha amwendea askari polisi, amwamkia kwa heshima, na kusema: "Mzee, nimepotezana na mjomba wangu. Tunakaa kilima cha Nsambya, karibu na hospitali ya misioni. Jina lake ni hili, na namba ya simu yake imeandikwa katika karatasi hii." Kwa maneno hayo machache askari ana mahali pa kuanzia. Mtoto huyu atarudi nyumbani kabla ya jua kuchwa.

Watoto hawa wawili wana akili sawasawa. Tofauti ni kwamba wa pili alijifunza majina ya mitaa alipokuwa bado kwao.

2. Njia ya kwenda

Tangu mwaka 2014 vita na mauaji vimeumiza sana nchi ya Beni. Ndiyo sababu wazazi wenye busara hawatoi safari bila kuuliza kwanza kama njia ni salama siku hiyo. Mtoto naye asiwasumbue kwa haraka yake. Safari iliyoahirishwa yaweza kufanywa siku nyingine.

Kutoka Beni mpaka mpakani Kasindi ni karibu kilometa 80. Njia yapita mto Semliki, na mlima Ruwenzori waonekana mawingu yakiuacha. Kasindi ni upande wa Kongo, na ng'ambo ya mto Lubiriha ni Mpondwe, upande wa Uganda. Hapo wakubwa huonyesha karatasi za safari. Msafiri hupita pia kwa watu wa afya, maana ugonjwa wa Ebola uliua watu wengi katika Kivu ya Kaskazini kati ya mwaka 2018 na 2020.

Kutoka Mpondwe gari lapita Kasese. Wenyeji wa huko ni Wakonzo, na lugha yao yasikilizana na Kinande, hata mtoto wa Butembo afikiri yuko kwao. Kisha njia yafuata Fort Portal, Mubende na Mityana, mpaka Kampala. Jumla ni zaidi ya kilometa 400 tangu mpakani.

3. Vilima saba

Miji mingine imejengwa katika uwanda, na mitaa yake hujulikana kwa barabara. Kampala si hivyo. Ni mji wa vilima na mabonde, kama nchi ya Butembo. Watu husema kwamba ulianza juu ya vilima saba, kama mji wa Roma ulivyoanza zamani. Siku hizi umeenea juu ya vilima vingi zaidi, na wazee hawahesabu wote namna moja vile saba vya kwanza. Lakini jambo moja ni hakika: akijua vilima, mgeni ameujua mji.

Jina lenyewe latoka katika kilima. Kwa Luganda, "empala" ni swala pala. Husimuliwa kwamba wanyama hao walikuwa wakilisha huko, katika nchi ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1890 Mwingereza Lugard alijenga boma juu ya kilima hicho. Mji ulipokua ukashuka bondeni na kupanda vilima vingine, jina la kilima kimoja likawa jina la mji mzima. Kile cha kwanza sasa huitwa Old Kampala, yaani Kampala ya Kale.

Beni ina komini nne: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Butembo nayo ina nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Vivyo hivyo serikali imeigawa Kampala katika sehemu tano: Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Lakini mtu wa kawaida akiulizwa anapokaa, hutaja kilima chake au mtaa wake.

4. Kilima kimoja kimoja

Rubaga. Juu yake pana kanisa kubwa la askofu mkuu, lenye minara miwili. Lilianza kujengwa mwaka 1914 na kubarikiwa mwaka 1925. Hapo alizikwa Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, aliyepewa uaskofu mwaka 1939. Yeye alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa askofu Mkatoliki katika nyakati zetu hizi.

Namirembe. Kilima hiki chatazamana na Rubaga. Juu yake pana kanisa kubwa la Waanglikana, lenye paa la mviringo kama chungu kilichofunikwa. Jina Namirembe latokana na neno la Luganda "mirembe", maana yake amani.

Kampala ya Kale na Kibuli. Juu ya Kampala ya Kale pana msikiti mkubwa wa taifa, wenye mnara mrefu. Mgeni aweza kupanda ngazi za mnara huo na kuona mji wote pande zote. Kibuli nacho ni kilima cha Waislamu, na msikiti wake waonekana toka mbali.

Mengo. Hapa ndipo penye jumba la Kabaka. Karibu yake pana ziwa dogo lililochimbwa na watu wakati wa Kabaka Mwanga, kabla ya mwaka 1890. Pana pia Bulange, nyumba ya baraza la Buganda.

Kasubi. Hapo wamezikwa makabaka wanne katika nyumba kubwa ya mviringo, iliyoezekwa kwa majani. Moto uliiteketeza usiku wa tarehe 16 mwezi wa tatu mwaka 2010. Mafundi waliijenga tena kwa ustadi wa zamani. Kazi hiyo ilidumu miaka mingi, maana kila ukoo una kazi yake katika kujenga na kuezeka.

Makerere. Ni kilima cha wasomi. Shule ya ufundi ilianzishwa hapo mwaka 1922, ikakua mpaka ikawa chuo kikuu. Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, alisoma hapo katika miaka ya 1940.

Mulago na Nsambya. Ni vilima vya wagonjwa. Mulago ni hospitali kubwa ya serikali. Nsambya ni hospitali ya misioni, iliyoanzishwa na Mama Kevin, mtawa aliyefika Uganda mwaka 1903.

Nakasero na Kololo. Nakasero ni kilima cha ofisi, bunge na hoteli, na chini yake pana soko la matunda na mboga. Kololo ni mahali pa nyumba za wakubwa na mabalozi. Katika uwanja wa Kololo bendera ya Uganda ilipandishwa mara ya kwanza, tarehe 9 mwezi wa kumi mwaka 1962, siku ya uhuru.

Namugongo haimo ndani ya mji wenyewe, bali nje kidogo, upande wa kaskazini-mashariki. Huko Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto tarehe 3 mwezi wa sita mwaka 1886. Kizito, mdogo wao kuliko wote, alikuwa na umri wa miaka kama kumi na minne. Kila mwaka tarehe hiyo mahujaji hufika kutoka nchi nyingi, hata kutoka Kongo, na wengine huja kwa miguu.

5. Mabonde

Mwenye kujua vilima ajifunze na mabonde pia. Zamani mabonde ya Kampala yalikuwa vinamasi vyenye mafunjo. Mvua ikinyesha, maji yalishuka toka vilimani, yakaingia katika mafunjo, yakatulia humo kama katika sifongo. Kisha yalikwenda polepole, mengine mpaka katika ziwa Victoria.

Watu walipozidi, mahali pakavu palijaa. Kiwanja cha kilimani kikawa cha bei kubwa. Mwenye fedha kidogo akashuka kujenga bondeni, na mafunjo yakakatwa. Mvua hainyeshi kidogo kwa sababu hiyo! Maji hushuka vilevile, hata kwa haraka zaidi, maana juu pamefunikwa kwa mapaa na lami. Yafikapo bondeni hayapati tena mafunjo ya kuyapokea, nayo mifereji imejaa takataka. Ndiyo sababu mtaa wa Bwaise, upande wa Kawempe, hufurika mara nyingi, na maji huingia nyumbani mpaka kitandani.

Basi, anayekaa Kampala wakati wa mvua asikatize bondeni penye maji, hata akiona njia fupi. Maji ya mfereji huficha shimo, nayo yana nguvu ya kumchukua mtoto. Angoje mahali pa juu mpaka yapungue.

6. Kati ya mji

Chini ya Nakasero na Kampala ya Kale ndipo mahali pa biashara. Pana viwanja vikubwa viwili vya teksi, cha zamani na kipya. Teksi ya Kampala ni gari dogo jeupe lenye alama za buluu, na huchukua watu kumi na wanne. Haina namba ya njia kama basi za Ulaya. Kondakta huita kwa sauti jina la mahali aendako: "Ntinda! Ntinda!" au "Kawempe! Kawempe!" Asiyejua jina la kilima chake hasikii kitu ila kelele. Mwenye kulijua husikia akiitwa.

Karibu na hapo ni Kikuubo, njia nyembamba iliyojaa maduka ya jumla. Wafanyabiashara hutoka Kongo na Sudani Kusini kununua bidhaa huko. Jirani pana soko kubwa ambalo watu huliita Owino. Jina lake la serikali ni soko la Mtakatifu Balikuddembe. Joseph Mukasa Balikuddembe aliuawa mwezi wa kumi na moja mwaka 1885, naye ni wa kwanza katika mashahidi Wakatoliki wa Uganda.

Hapa kati ya mji wezi wa mifukoni wako pia, kama katika kila soko kubwa la dunia. Msafiri hagawanyi fedha zake mbele ya watu, wala haonyeshi simu kila mara. Mtoto hapandi pikipiki, ambazo huko huitwa boda boda, pasipo mtu mzima wa nyumbani.

7. Mambo matatu yanayobadilika mpakani

Jambo la kwanza ni saa. Saa ya Uganda yatangulia saa ya Beni kwa saa moja. Mavivi ikiwa saa mbili ya asubuhi, Kampala ni saa tatu. Msafiri asiyegeuza saa yake hukuta basi limekwisha kuondoka.

Jambo la pili ni fedha. Huko watu hutumia shilingi za Uganda, si franga za Kongo. Hesabu ya bei ifanywe na mkubwa kabla ya kununua.

Jambo la tatu ni kubwa kuliko hayo mawili, maana lahusu uzima. Katika Kongo magari hupita upande wa kuume wa barabara. Katika Uganda hupita upande wa kushoto. Mtoto wa Mavivi amezoea kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka, maana gari la karibu hutoka huko. Akifanya hivyo Kampala, atatazama mahali patupu, na gari litamjia kutoka kuume. Kwa hiyo kule atazame kuume kwanza, kisha kushoto, kisha kuume tena. Avuke pamoja na watu wazima, asikimbie.

8. Namna ya kujifunza mji

Mtoto anayejitayarisha aweza kufanya kazi hii jioni chache kabla ya safari.

Achukue karatasi, aandike katikati "Viwanja vya teksi". Kisha awaulize wazazi jina la kilima watakachofikia, aliandike mahali pake. Upande wa magharibi aweke Rubaga, Namirembe na Mengo. Upande wa kaskazini aweke Makerere na Mulago. Mashariki aweke Nakasero, na mbele yake Kololo. Kusini-mashariki aweke Kibuli na Nsambya. Mbali kusini aandike "Ziwa". Picha hiyo si kamili, lakini yatosha kumwonyesha alipo.

Kisha ajifunze alama. Minara miwili ni Rubaga. Paa la mviringo ni Namirembe. Mnara mrefu wa msikiti karibu na viwanja vya teksi ni Kampala ya Kale. Mtu akiwa bondeni nyumba humzuia kuona njia, lakini akipata mahali peupe huona mojawapo ya alama hizo. Akijua nyumba yake iko upande gani wa alama hiyo, hajapotea kabisa.

Tena ajue maneno machache ya Luganda. Mwanamume huitwa "ssebo", na mwanamke "nnyabo". Kushukuru ni "webale". Wengi wa Kampala hawakusoma Kiswahili, lakini askari na wafanyabiashara wengi hukijua. Hata asiyekijua humsikiliza mtoto anayeanza kwa neno la heshima katika lugha ya wenyeji.

Mwisho aandike katika karatasi ndogo jina la mwenyeji wake, kilima, mtaa, na namba ya simu. Karatasi hiyo aiweke ndani ya nguo, si ndani ya mfuko wa safari, kwa sababu mfuko waweza kupotea. Na maneno yaliyoandikwa humo ayajue pia kwa moyo, kwa sababu karatasi yaweza kulowa mvua.

Wazee husema: kuuliza si ujinga. Hata hivyo, mwenye kujua jina la mahali aendapo huuliza vizuri zaidi, na mwenye kujibu humjibu upesi.

MASWALI

1. Kwa nini askari aliweza kumsaidia mtoto wa pili?
2. Taja komini nne za Beni na sehemu tano za Kampala.
3. Jina la Kampala latoka wapi?
4. Ni kilima gani chenye kanisa la minara miwili? Na chenye chuo kikuu?
5. Eleza kwa nini mtaa wa Bwaise hufurika. Je, katika mji wa Beni au Butembo kuna bonde la namna hiyo?
6. Kampala ikiwa saa sita ya mchana, Mavivi ni saa ngapi?
7. Simameni wawili wawili na kuonyesha namna ya kuvuka barabara katika Kongo, kisha katika Uganda.
8. Chora picha ya mtaa wenu. Weka alama tatu ambazo mgeni aweza kuziona toka mbali, na uandike maneno ambayo mgeni aseme akipotea.